Mshahara, posho na meka

Sisi wanafunzi wa lugha tunapenda kuuliza neno limetoka wapi. Leo naomba tuulize pia neno linamlisha nani.

Babu yangu alifanya kazi Union Minière, hapa Lubumbashi. Alipata mshahara wa mwezi, na juu yake posho: unga, maharagwe, samaki, kwa kadiri ya watu wa nyumbani mwake. Kwake neno “mwezi” lilikuwa na uzito. Ulianza na chakula ndani.

Kwetu mwezi umebaki kwenye kalenda. Baba anabeba mizigo sokoni, mama anauza mboga. Fedha inaingia jioni na kutoka jioni ileile. Ndiyo maana tunanunua unga wa bukari kwa meka, hatununui mfuko wa kilo 25. Ukijumlisha bei ya meka zote zinazotoka katika mfuko mmoja, utaona kwamba tunalipa zaidi kuliko jirani mwenye mshahara, kwa unga uleule. Yeye analipa mara moja kwa mwezi. Sisi kila jioni tunalipa pia faida ya muuzaji.

Tangu Juni 2025, Benki ya Dunia inaweka mstari wa ufukara kwenye dola 3 kwa mtu kwa siku. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini kinatumia wastani, na wastani hauli. Jumatatu mama anauza vizuri. Jumanne mvua inanyesha na mboga zinanyauka mezani. Minervali nayo haigawanyiki kwa siku. Inadaiwa kabla ya mtihani.

Mwaka huu nimelipa kwa zamu ya mama katika likelemba. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa kidogo kila juma, walimpa kwa mkupuo fedha ambayo meza yake ya mboga haijawahi kumpa. Fedha hiyohiyo ilingojewa na mdogo wangu, aliyemaliza sekondari na diploma yake mkononi. Mimi niko darasani. Yeye anangoja zamu ijayo, na anamsaidia mama kufunga mafungu ya mboga.

Basi, wenzangu, tukitumwa mitaani na karatasi za maswali, tusiishie kwenye “mnapata kiasi gani kwa mwezi?” Tuulize pia: mnapata lini, mnanunua kwa kipimo gani, na nani nyumbani anangoja zamu?