Batri mpya imekufa tena? Tazama kwanza taa ndogo

Wasikilizaji wetu wa Opala, na ninyi familia mliohama makwenu, mnajua gari moja zima lina maana gani kwetu. Ndilo linalopeleka mgonjwa Kisangani. Likilala njiani, na sisi tunalala naye.

Juzi tulikwama upande wa Lubunga, mimi nikiwa juu ya magunia pamoja na mama wawili na watoto wao. Gari ni la zamani, la mazutu. Shofere alikuwa amenunua batri mpya wiki mbili tu kabla, na ile ya kwanza aliiuza bei ya bure. Wote wakasema: wamekuuzia batri ya uongo.

Fundi mmoja mzee alikuja na kipimo chake cha umeme.

"Mwanangu, usinunue kitu kwanza."

Akapima: volti 11.8. Tukasukuma, gari likawaka, akapima tena: 11.8 ileile. Altaneta ikifanya kazi, kipimo lazima kipande, kati ya 13.8 na 14.4. (Gari la volti 24, karibu 28.) Mkanda ulikuwa umekaza. Akakwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vya batri, hakuna kilichobadilika. Akazima, akageuza ufunguo bila kuwasha mota.

"Taa nyekundu ya batri iko wapi?"

"Papa, hiyo haiwakagi. Ndiyo maana nilijua umeme uko sawa."

Kumbe ugonjwa ulikuwa hapo! Katika magari mengi ya zamani taa hiyo si ya kuonya tu. Umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta. Taa ikiungua, altaneta inazunguka lakini imelala, na gari linakula batri polepole. Mota ya zamani ya mazutu haikuambii kitu: ikishawaka inaendelea kutembea, mpaka siku utakapozima. Fundi akatia taa nyingine, ndogo kama punje ya muhindi. Kipimo: 13.9.

Basi, mashofere: ufunguo ukigeuka, taa iwake, mota ikiwaka, taa izime. Isipowaka kabisa, usifurahi. Na wale vijana wanaong'oa waya wa batri mota ikiwa inatembea, eti wanajaribu altaneta, wakatazeni. Hapo ndipo inaungua kweli, na kuipata nyingine ni mpaka uvuke mto.