Hospitali Iliyoimbiwa

Mchango ulipangwa kuanza saa kumi na mbili jioni, na sote tunajua maana yake: watu wa kwanza wataonekana saa mbili. Lakini mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari la ahadi, kwa hiyo sikutaka kuchelewa. Nikapanda treni ya mapema kutoka Coventry na kujikuta stesheni ya New Street, Birmingham, saa nane na nusu mchana, mkobani mna daftari na kalamu tatu, mkononi boksi la sambusa. Binamu yangu aliyekuwa anipokee alikuwa bado kazini. Nikaamua kutembea.

Mchango wenyewe ulikuwa wa kijana wa kwetu Tanga, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye figo zake zimechoka. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na fedha za ukoo zimekwisha. Kungekuwa na pilau, mwimbaji wa taarabu, na mnada wa chochote kitakacholetwa. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa zaidi. Umeshakaa kwenye kumbi hizo, na pengine umeshawahi kuliwekea jasho kiti cha plastiki ukisubiri jina lako lisomwe.

Ukitoka New Street na kupandisha kidogo unafika uwanja wa Victoria, na hapo utaliona jengo lisilofanana na majirani zake. Limezungukwa na nguzo nene za mawe, kama hekalu la Warumi wa kale. Waliolichora walikusudia hivyo hivyo: waliiga hekalu la Castor na Pollux la mjini Roma. Ndilo Town Hall ya Birmingham, iliyofunguliwa mwaka 1834. Nimelipita mara nyingi nikikimbilia basi, nikidhani ni mahakama ya zamani. Ni pale niliposomea shahada yangu hapa Uingereza, katika somo la historia ya huduma za afya, ndipo niliposikia kwamba ukumbi ule ulijengwa ili watu wapate pa kuimba, na kwamba waliimba ili hospitali ipate fedha.

Habari inaanza nyuma zaidi. Mwaka 1765 daktari mmoja wa mjini, John Ash, pamoja na wenzake walikata shauri kwamba Birmingham inahitaji hospitali ya watu wasio na uwezo. Mji ulikuwa unakua haraka kwa viwanda vya vifungo, shaba na bunduki. Fedha zikachangwa, ujenzi ukaanza Summer Lane, kisha zikakatika njiani. Kuta zikabaki. Nani kati yetu hajaona jengo la namna hiyo, nondo zimesimama juu na nyasi zimeota ndani?

Mwezi Septemba 1768 wakafanya tamasha la muziki la siku tatu. Uliimbwa Messiah wa Handel katika kanisa la St Philip. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Kazi hiyo tangu siku yake ya kwanza kule Dublin, mwaka 1742, iliimbwa kwa ajili ya hospitali na ya wafungwa wa madeni, na watu walikwisha kuizoea kama muziki wa kutolea sadaka. Fedha za 1768 hazikutosha kumaliza jengo. Miaka kumi baadaye wakaimba tena, na mwaka 1779 hospitali ikafunguliwa, ikiwa na vitanda 40. Tangu 1784 tamasha likawa la kila baada ya miaka mitatu, na likaendelea hivyo, likapita karne yote ya kumi na tisa, hadi lile la mwisho la mwaka 1912. Vita vikuu vikalikatisha.

Hebu tulia kidogo kwenye hesabu hiyo: miaka 144, kutoka wajukuu hadi vitukuu, wakiimba kwa ajili ya hospitali ileile moja.

Kanisa la St Philip lilipozidiwa na watu ndipo ukajengwa ukumbi. Wachoraji wake, Joseph Hansom na Edward Welch, walikuwa vijana, nao walikubali kuwa wadhamini wa ujenzi kwa mali zao wenyewe. Gharama zikawazidi na wakafilisika. Hansom ndiye huyo huyo aliyebuni gari la farasi la magurudumu mawili lililokuja kujaa mitaa ya London na kubeba jina lake. Ndani waliweka kinanda kikubwa cha filimbi kilichotengenezwa na William Hill, ambacho kipo hadi leo. Mlango ulikuwa umefungwa siku hiyo, nikachungulia kupitia kioo nikaona ngazi na bango la tamasha la vichekesho.

Siku kubwa kuliko zote ndani ya kuta zile ilikuwa Jumatano, tarehe 26 Agosti 1846. Mtunzi wa Kijerumani, Felix Mendelssohn, alikuwa ameandika kazi mpya kwa ajili ya tamasha hilo: oratorio ya Elijah, yaani habari za Eliya, yule ambaye Waislamu tunamwita Nabii Ilyas, ikiimbwa mwanzo hadi mwisho bila kuigizwa. Siku tatu kabla, treni maalumu ilitoka London ikiwa imembeba yeye, waimbaji wakuu na wapigaji wa vyombo. Fikiria reli ilikuwa na umri wa miaka minane tu kati ya miji hiyo miwili! Kwaya ilikuwa ya watu 271 na wapigaji 125. Sauti ya kwanza walikuwa 79. Sauti ya pili walikuwa 60, na hapa wanakwaya mtacheka: wote walikuwa wanaume, wenye ndevu zao, wakiimba sehemu ambayo kwetu ni ya akina mama.

Mendelssohn aliongoza mwenyewe. Habari inaanza na ukame. Eliya anatangaza kwamba mvua haitanyesha, nchi inakauka, na sehemu ya kwanza inamalizika mvua inaporudi. Watu wapatao 2,000 ndani ya ukumbi, mwezi wa Agosti, wakataka nyimbo nane zirudiwe, na zikarudiwa. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye Mendelssohn alifariki, hajatimiza miaka 39. Kazi ile bado inaimbwa dunia nzima, na wengi wanaoiimba hawajui kwamba faida ya siku yake ya kwanza ililipia dawa na vitanda vya wagonjwa.

Naomba nisipake sukari. Sehemu kubwa ya mapato ya matamasha hayo iliishia kwa waimbaji mashuhuri na gharama nyingine, na hospitali ikapata kilichobaki. Kwenye kamati zetu ugomvi huo tunaujua: ukumbi, chakula, spika, mwimbaji aliyeomba nauli. Kisha tiketi zile hazikuwa za mtu wa kiwandani. Waliokaa kwenye viti walikuwa matajiri wa mji na wakubwa wa mashambani, na waliolala kwenye vitanda walikuwa watu wengine kabisa, ambao huenda hawakusikia hata noti moja. Charles Dickens aliliona jambo hilo. Mwishoni mwa Desemba 1853 alisoma kitabu chake cha Krismasi humo humo ukumbini, kwa faida ya taasisi ya elimu ya mji, na akataka usiku mmoja kati ya mitatu uwe wa wafanyakazi, kwa bei wanayoiweza.

Kutoka ukumbini hadi St Philip, ambayo leo ni kanisa kuu la dayosisi, ni mwendo wa dakika chache kwa kufuata Colmore Row. Wenyeji wanauita uwanja wake bustani ya njiwa, na njiwa kweli wamo, walinifuata kwa sababu ya sambusa. Nilikuwa natafuta kitu kimoja nilichosoma habari zake. Nilikipata pembeni ya njia: kitako cha nguzo, cha jiwe, kilichosimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Ni kumbukumbu ya John Heap na William Badger. Tarehe 26 Januari 1833, walipokuwa wakijenga Town Hall, mtambo wa kupandishia mbao za paa ulivunjika. Heap alikufa papo hapo. Badger aliishi majuma machache, kisha naye akafa kwa majeraha. Kitako hicho kilichongwa na mfanyakazi mwenzao kwa ajili ya ukumbi, kikaishia kaburini.

Nilikaa kwenye benchi karibu nacho kwa muda. Nimefanya kazi wodi ya majeruhi, Tanzania na hapa, na ninajua majuma machache ya mtu aliyeanguka kutoka juu yanavyokuwa, hata leo tukiwa na morfini na mashine. Walikufa wakijenga nyumba ya kuimbia ili hospitali ipate fedha.

Kuna jambo jingine kuhusu hospitali za wakati ule ambalo lilinikaa rohoni nilipolisoma mara ya kwanza. Mgonjwa hakuingia tu. Aliyetoa mchango wake kila mwaka alipata haki ya kuandika barua za kupendekeza wagonjwa, na mgonjwa alitakiwa kuja na barua hiyo. Majeruhi walipokelewa bila barua, lakini mwenye kifua au uvimbe alibidi kwanza atafute mkubwa wa kumwandikia. Kwa hiyo fundi wa vifungo anayekohoa alisimama mlangoni kwa tajiri, kofia mkononi, akijieleza. Tajiri alikuwa mkarimu, sikatai. Lakini ugonjwa wa mtu ulipitia kwanza kwenye huruma ya mtu mwingine.

Baadaye wenyewe wakaanza kulipa. Mwaka 1859 makanisa ya Birmingham yalianza kutenga Jumapili moja kwa sadaka ya hospitali, na mwaka 1873 ukaanzishwa mfuko wa Jumamosi, ambao wafanyakazi waliuchangia peni kutoka kwenye mishahara yao. Binafsi naona peni hizo zina uzito kuliko Mendelssohn. Mwaka 1948 ikaja NHS, isiyohitaji barua ya mchangiaji yeyote.

Kutoka St Philip nilishuka hadi Steelhouse Lane. Hospitali ya kwanza ya Summer Lane haipo tena. Mwaka 1897 ilihamia hapa, kwenye jengo kubwa la matofali mekundu na vigae vya udongo, lenye minara kama ngome. Tangu 1998 ni hospitali ya watoto. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Baba mmoja alitoka amembeba mtoto aliyelala, mkono wa mtoto una bandeji pale ilipokuwa sindano ya maji. Hakuna aliyemuuliza barua. Muuguzi mwenzangu, mwenye sare ya bluu na koti juu yake, alisimama akiwasha simu, nikajua kwa jinsi alivyoegemea ukuta kwamba ametoka zamu ndefu. Tukatikisiana vichwa.

Nilifika kwenye ukumbi wetu saa moja. Ilipogonga saa mbili na nusu watu wakawa wamejaa, watoto wanakimbizana katikati ya viti. Mwimbaji alipoanza, akina mama wakainuka kwenda kumtunza, wakicheza polepole, noti za pauni tano zimeshikwa juu kwa vidole viwili. Yeye, Mungu ambariki, kila noti aliitia kwenye kikapu cha mgonjwa huku akiimba. Boksi langu la sambusa lilinadiwa likafika pauni arobaini na tano, na aliyelinunua akalifungua papo hapo akagawa.

Tulipokuwa tunahesabu, mwenyekiti, mimi na mweka hazina, nikawaeleza habari za mchana wangu. Nikasema: Mzee, kila mara tunamchangia mtu mmoja. Akipona tunashukuru, akifa tunachanga tena kwa ajili ya mazishi. Na anayechangiwa ni yule mwenye ndugu huku. Kitanda cha pili yake yupo kijana mwenye figo zilezile, ambaye hana mtu wa kumwandikia. Kwa nini tusitenge sehemu, hata kumi kwa mia, kila mchango, kwa ajili ya wodi yenyewe?

Mwenyekiti alivua miwani. Ana miaka karibu sabini, alikuja nchi hii na meli.

"Sista," akasema, "wazo ni zuri. Lakini mama yake huyu kijana anasubiri simu yangu usiku huu. Nikamwambie kumi kwa mia nimempa nani?"

Sikuwa na jibu. Mweka hazina akasema liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa mwezi ujao, na sote tunajua ajenda hizo. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikaandika "kitanda cha pili" na tarehe. Kisha dada mmoja akaja mezani na mtoto mgongoni, akauliza kama inaruhusiwa kulipa ahadi nusu leo na nusu mshahara ukitoka. Nikamwambia inaruhusiwa, nikamgeuzia daftari aandike jina.