Barua kutoka Ubelgiji: Bunduki na Sababu Yake



Wakongo wa Ubelgiji, wakiwemo wale wanaokutana kila siku katika mtaa wa Matonge ulioko manispaa ya Ixelles, wanaishi katika nchi ambayo imefua bunduki kwa karne nyingi, lakini ambayo humkabidhi raia wake bunduki kwa masharti mazito. Mji wa Liège ulikuwa na utaratibu wa kupima uimara wa mitutu tangu karne ya 17, na kiwanda cha FN, kilichoanzishwa Herstal mwaka 1889, leo kinamilikiwa na Jimbo la Wallonia. Hata hivyo, mkazi wa Herstal anayepita mbele ya lango la kiwanda hicho kila asubuhi hawezi kununua bastola dukani kwa kuwa tu ana fedha na anaitaka.

Sheria inayotawala jambo hili ni ile ya tarehe 8 Juni 2006, iliyochukua nafasi ya sheria ya tarehe 3 Januari 1933. Chini ya sheria ya zamani, mtu mzima aliweza kununua bunduki ya uwindaji kwa kuonyesha kitambulisho chake, na ndivyo alivyofanya kijana wa miaka 18 mjini Antwerp tarehe 11 Mei 2006: alinunua bunduki dukani, na siku hiyo hiyo akamjeruhi mwanamke mwenye asili ya Uturuki, kisha akamwua mwanamke mwenye asili ya Mali pamoja na mtoto wa Kibelgiji wa miaka miwili aliyekuwa akilelewa naye. Ilithibitika mahakamani kwamba alisukumwa na chuki ya rangi, na mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha maisha. Muswada wa sheria mpya ulikuwa tayari umeandaliwa kabla ya mauaji hayo, ila ni mauaji hayo yaliyoufanya upite kwa haraka. Kwa hiyo Waafrika wa Ubelgiji wana sababu ya pekee ya kuifahamu sheria hii.

Sheria hiyo inagawa silaha katika mafungu matatu: zilizopigwa marufuku kabisa, kama vile zile za kijeshi zinazofyatua risasi mfululizo, zilizo huru, kama vile silaha za kale zenye thamani ya kihistoria, na zinazohitaji kibali, ambazo ni bunduki na bastola nyingine zote. Kibali hutolewa na gavana wa mkoa baada ya kupata maoni ya mkuu wa polisi wa mahali anapoishi mwombaji. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, asiwe na hukumu za makosa yaliyotajwa na sheria, alete cheti cha daktari, na afaulu mtihani wa sheria yenyewe pamoja na jaribio la kushika silaha bila kuhatarisha watu.

Sharti zito kuliko yote ni lile la sababu halali, yaani kazi ambayo silaha itafanya. Sheria inataja sababu sita: uwindaji, mchezo wa kulenga shabaha, shughuli zenye hatari ya pekee, kujilinda, ukusanyaji wa silaha za kihistoria, na shughuli za kitamaduni au za kisayansi. Kujilinda kumo katika orodha, lakini woga peke yake hautoshi, kwa kuwa mwombaji hudaiwa kuthibitisha kwamba anakabiliwa na hatari kubwa inayoonekana hata na wengine, na kwamba silaha itaipunguza kweli. Tena kumiliki si kubeba: aliyeruhusiwa kuweka bastola nyumbani anahitaji ruhusa nyingine, isiyozidi miaka mitatu, ili atembee nayo njiani.

Lipo pia sharti ambalo familia za Koni, huko Katanga, zitalielewa upesi, nalo ni kwamba mtu mzima yeyote anayeishi nyumba moja na mwombaji anaweza kupinga ombi lake. Mke, mume, mzazi au mtoto aliyekwisha kukua anayo kauli, kwa sababu bunduki ikiingia ndani, wote hulala nayo. Na kibali kikishapatikana, kila baada ya miaka mitano gavana huanzisha uchunguzi ili kujua kama masharti bado yanatimizwa na kama ile sababu ingali hai.

Utaratibu huu haukumaliza uhalifu. Mwezi Desemba 2011, mtu aliyekuwa ametoka gerezani kwa masharti aliwashambulia watu kwa bunduki na maguruneti katikati ya Liège, kwa silaha ambazo hakuna gavana aliyemwidhinishia. Wapinzani wa sheria husema kwamba inambana mtiifu na kumwacha jambazi. Watetezi wake hujibu kwamba bunduki nyingi za magendo zilianza zikiwa halali mkononi mwa mtu fulani, na kwamba daftari la silaha linaloonyesha mtu huyo ni nani ndilo linalowezesha kuifuatilia njia ambayo bunduki ilipitia.

Msomaji wa Katanga anaweza kushuku kila sheria ya silaha inayotoka Brussels, na shaka hiyo ina historia. Mkataba uliotiwa sahihi mjini humo tarehe 2 Julai 1890, kwa madai ya kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia katika eneo kubwa la Afrika, Katanga ikiwamo, ukaruhusu magobori ya jiwe la kiberiti. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri wa Bunkeya, aliyejenga utawala wake kwa pembe, shaba na bunduki, aliuawa na afisa Mbelgiji. Mkataba ule uliuliza mwenye bunduki ni nani, Mwafrika au Mzungu. Sheria ya 2006 humwuliza kila mkazi bunduki yake ni ya kazi gani.

Kongo haikosi sheria. Sheria-Amri Namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali kwa mwenye silaha, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali kwa mwindaji. Mkataba wa Afrika ya Kati kuhusu silaha ndogo, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulipitishwa Kinshasa kwenyewe. Kwa hiyo jambo la kujifunza Ubelgiji haliko katika ukali wa maandishi. Liko katika ofisi inayojulikana na mwombaji, daftari linaloandikwa kweli, na afisa anayerudi baada ya miaka mitano kuuliza swali lile lile. Na mwananchi hawezi kuambiwa kwamba woga wake si sababu ya kupewa bunduki, isipokuwa polisi anayeitwa usiku awe anafika.