Vijiti Ubaoni

Jumatano, 10 Julai 2024
Kidato cha tatu tumeanza Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Nakala tatu kwa darasa zima. Tulipofika kwenye mkataba wa ratili ya nyama anaoudai Shylock, mkopeshaji Myahudi, binti wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, huyu si kausha damu?" Ndivyo wanavyoitwa wakopeshaji wa riba kali. Wakaangua kicheko. Akaongeza, "Wayahudi ndivyo walivyo." Hapo hakuna aliyecheka, wala aliyeshtuka. Kengele ikaniokoa.

Usiku. Binti hana kosa kubwa kuliko langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika ubaoni sifa za Shylock: mchoyo, mkatili, Myahudi. Kwenye mtihani nikalipa alama jibu hilohilo.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepita Kibirizi, hapa Kigoma. Ziwa Tanganyika limefungwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, chanja za dagaa tupu. Mama yake yule binti anauza dagaa, na marejesho ya mkopo hayajui kufungwa kwa ziwa. Anayekuja kuyadai ni kijana wa hapahapa Gungu, Muha mwenzetu. Sijasikia mtu akisema, "Waha ndivyo walivyo."

Jumatatu, 15 Julai
Leo tumeuliza kwa nini Myahudi alikopesha. Kanisa lilimkataza Mkristo kula riba. Vyama vya mafundi vilimfungia Myahudi mlango. Kazi ya fedha ikabaki mojawapo ya chache alizoachiwa, kisha akachukiwa kwa kuifanya. Mwaka 1516 Venisi iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao, malango yakifungwa usiku. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290, kwa hiyo Shakespeare aliandika juu ya watu waliopigwa marufuku nchini mwake karne tatu.

Kisha onyesho la mahakamani. Wahusika wakimwita Shylock kwa jina, kijiti cha chaki kushoto. Wakimwita Myahudi, kijiti kulia. Kulia kukajaa.

"Si ana jina?" akauliza mmoja.

Binti wa nyuma akajibu bila kunyoosha mkono: "Kaka yangu yuko Dar. Kazini wanamwita Mrundi. Naye ana jina."

Sikuongeza neno.

Ijumaa, 19 Julai
Mwenzangu wa Historia ananishauri nikifungie kitabu kabatini. Ninamwelewa, ila neno limekwishatoka kabatini: Nairobi mkopeshaji wa mtaani anaitwa shylock, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba aliwahi kuwa mtu katika tamthiliya.

Nimewasimulia makala ya Nyerere ya 14 Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha: anayechukia Wayahudi, Wahindi au Wazungu kwa asili yao, huyo si mjamaa. Miaka miwili baadaye akatoa tafsiri hii, na jalada lake linasema Mabepari, kwa wingi. Tumebishana kipindi kizima ni akina nani hao.

Swali la jaribio nimelibadili: "Nani anamwita Shylock Myahudi, na anatafuta nini kwa kumwita hivyo?"

Binti ameandika kwamba riba ni ya mkopeshaji, si ya kabila lake, na kwamba wanaomtukana Shylock ndio haohao waliokwenda kumkopa. Nimempa saba kwa kumi. Hakugusa hukumu ya mwisho, ile ya kumlazimisha abadili dini. Darasa lina wa msikitini na wa kanisani. Jumatatu tutaanzia hapo.