Barua kutoka nchi ya Farao

Watu wa Bukavu wanapita mbele ya Camp Saïo kila siku, na sisi wa Kivu ya Kaskazini tunalisikia jina hilo katika habari kila mara askari wanapohamishwa. Ukiuliza vijana Saïo ni nini, watakujibu: ni kambi. Wengine watasema ni jina la mzungu fulani. Saïo ni mji wa Ethiopia, na siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Askari wa Force Publique walifika huko kwa malori, kwa mashua za mto Nili na kwa miguu, wakipitia Sudan. Mwezi wa Julai 1941 jenerali Mwitalia, Gazzera, akajisalimisha mbele ya jenerali Gilliaert wa jeshi la Kongo. Jina la Gilliaert liko katika vitabu. Waliobeba bunduki na masanduku walikuwa watu wa kwetu.

Sehemu hiyo ya habari bado watu wachache wanaikumbuka. Sehemu iliyosahauliwa ni ile iliyofuata: mapigano yao yalikwisha, lakini utumishi wao haukuisha. Mwaka 1942 walipelekwa Nigeria, kwa sababu Waingereza waliogopa makoloni ya Wafaransa yaliyokuwa upande wa serikali ya Vichy. Makoloni hayo yakageuka, vita havikutokea. Mwaka 1943 wakapelekwa Misri, wengine kwa meli, wengine kwa malori wakikata jangwa. Kule Misri na Palestina kazi yao ilikuwa kulinda: depo za mali, mageti, wafungwa wa vita. Walianza kurudi mwisho wa 1944, na 1945 bado wengine walikuwa njiani. Kijana aliyeondoka bila ndevu alirudi mtu mzima, na zaidi ya nusu ya muda huo alikuwa amesimama mlangoni akingoja.

Nimesoma barua saba za kijana mmoja kati yao. Jina lake sitalitaja, na kijiji chake pia sitakitaja. Ni mtu wa vilima vya Masisi, hayo yatosha. Barua zinatunzwa na binti yake, koko ambaye sasa amepita miaka 75 na anaishi katika nyumba ya kukopeshwa baada ya kukimbia mara tatu. Zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Mara ya mwisho alipokimbia aliacha sufuria mbili na mbuzi watatu, lakini kopo alilibeba. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia: “Mwanangu, sufuria inauzwa sokoni.”

Si yeye aliyeziandika kwa mkono wake, yule askari. Alisoma kidogo tu, kwa hiyo karani wa kompani ndiye aliyeandika, kwa Kiswahili cha misioni, herufi nzuri zilizolala upande mmoja. Kijijini pia hakukuwa na msomaji nyumbani. Barua ilifika misioni, katekista akaileta Jumapili, akaisoma uani mbele ya ukoo wote na majirani waliokuja kusikiliza. Kwa hiyo fikiria: neno la mtoto kwa mama yake linapita kinywani mwa karani, mbele ya macho ya mkaguzi wa jeshi, mikononi mwa posta, halafu kinywani mwa katekista. Mtu gani ataweza kusema humo kwamba anaogopa?

Mkaguzi aliacha alama yake. Katika barua mbili kuna tundu la mraba, limekatwa kwa wembe, mahali palipokuwa na jina la mji. Askari hakuruhusiwa kusema yuko wapi. Lakini kijana alikuwa na akili. Katika barua ya tatu anamwambia mama yake kwamba sasa anakunywa maji ya mto ule ambao mtoto Musa aliwekwa ndani ya kikapu, na kwamba watu wa Farao wanauza vitunguu vizuri. Mkaguzi akapitisha. Katekista akasoma, akacheka, akasema: yuko Misri. Ukoo mzima ukajua.

Barua iliyofuata ilileta matatizo. Kijana alikuwa amepelekwa Palestina, na akatumia ujanja uleule: akasema yuko karibu na mahali alipozaliwa Bwana, na usiku anaona nyota. Mama yake aliposikia hivyo akaanguka chini na kulia. Wanawake wakaanza kulia naye. Kwake yeye, mtu aliyeko na Yesu ni mtu aliyekufa, na hiyo ndiyo njia ya upole ambayo jeshi limechagua kumwambia. Katekista alihangaika hadi jioni kueleza kwamba Bethlehemu ni mji wa hapa duniani, wenye mawe na mbuzi kama Masisi. Koko anasema nyanya yake hakukubali kabisa mpaka ilipofika barua nyingine yenye kuuliza habari ya ng’ombe. Wafu hawaulizi habari ya ng’ombe.

Na kweli, sehemu kubwa ya barua hizi ni ng’ombe. Mtamba wa mahari yuko kwa nani, amezaa au bado. Mdogo wake asikubali kubadilishana na mjomba. Shamba la chini karibu na mto lisiachwe kuwa kichaka. Nani analipa kodi. Kila barua inaanza kwamba yeye ni mzima na inaisha kwa kumsalimu baba yake, kwa heshima zote, kwa maneno yaleyale. Nilipozisoma mara ya kwanza nilichoka kidogo, nasema ukweli. Nilitaka anieleze Saïo, njaa ya Saïo, mvua, wenzake waliozikwa huko. Hakuna. Mstari mmoja tu, katika barua ya kwanza, unasema kwamba rafiki yake wa kijiji cha jirani “amebaki”, na kwamba wazazi wake waambiwe na padri, si na barua.

Mstari huo niliurudia mara nyingi baada ya koko kunieleza yaliyobaki.

Kwa maana nyumbani nako kulikuwa na mambo. Tangu 1942 serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa porini kutafuta mpira, jambo ambalo wazee walidhani limekwisha na kizazi cha zamani. Mwaka 1944 kukawa na uasi wa Bushiri na wafuasi wa Kitawala, Lubutu hadi upande wa Masisi, na uasi huo ulizimwa na askari. Yaani kijana analinda mlango Palestina amevaa nguo za serikali, na kwao watu wanaovaa nguo zilezile wanapita vijijini kutafuta waasi. Hakuna kitu cha hayo kilichoandikwa kwake. Majibu yote, kama koko alivyoelezwa na baba yake, yalikuwa: sisi wazima, mtamba amezaa, shamba limelimwa.

Na baba yake alikuwa amekufa. Alikufa 1943, kifuani, baada ya msimu mmoja wa kazi za lazima. Ukoo ulikaa kikao, wakasema mtoto yuko mbali, akisikia atatoroka, na askari akitoroka anafungwa au anapigwa risasi. Tumfiche mpaka arudi. Katekista akaandika: wote wazima. Na kijana akaendelea kumsalimu baba yake kwa heshima zote, barua baada ya barua. Barua tatu za mwisho katika kopo lile zinamsalimu mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alijua siku aliporudi 1945, uani, watu wakiwa bado wanapiga vigelegele. Aliuliza mzee yuko wapi. Vigelegele vikakatika. Koko anasema baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, alioa, alizaa, alikuwa mtu wa ucheshi, lakini na yule katekista hakusalimiana tena, na ndani ya nyumba yake neno “tuko wazima” lilikatazwa. Ukiulizwa habari, unajibu kwa kutaja watu mmoja mmoja. Huyu ana homa. Huyu ameshiba. Huyu hatumjui aliko.

Mimi simlaumu katekista sana kama alivyomlaumu yule askari. Aliagizwa na ukoo, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini mimi si mtoto wa marehemu.

Naandika haya kwa sababu koko hakuja kwetu redioni kwa ajili ya historia. Alikuja na komunike. Wasikilizaji mnajua saa ya jioni tunaposoma matangazo ya familia: fulani anatafuta wanawe, fulani anajulisha kwamba amefika. Tuna desturi zetu. Hatutaji mahali mtu alipo, kwa sababu kila mtu anasikiliza redio, wenye nia njema na wenye nia mbaya. Tunasema “mahali salama”, “kwa yule shangazi mnayemjua”, “pale tulipokula Noeli”. Familia zenyewe zimezoea, zinakuja na mafumbo yao tayari, na mengine ni mazuri kuliko ya Farao. Wale wanaotumia karatasi za Msalaba Mwekundu wanajua hali ni karibu ileile: barua inabaki wazi, inasomwa kabla haijapelekwa, na inabeba habari za familia tu. Hakuna vita humo. Ni lazima iwe hivyo, la sivyo mpelekaji hatapita kwenye vizuizi.

Desturi nyingine ni hii: kifo hatukisomi hewani ikiwa mhusika hajaambiwa na mtu wa karibu. Nadhani ni desturi nzuri. Nimeona mama akisikia jina la mumewe kutoka kwenye redio ya jirani, sipendi kuona tena.

Sasa, koko ana mjukuu wa kiume. Kijana huyo yuko upande mwingine, mahali ambapo simu haishiki lakini redio inashika. Mama yake kijana, yaani binti wa koko, alifariki wakati wa mvua zilizopita, kwa ugonjwa, katika nyumba hiyo ya kukopeshwa. Kijana hajui. Mara mbili alituma salamu kwa watu wanaopita njia ya sokoni, na mara zote mbili alimsalimu mama yake. Wajomba wamesema asiambiwe, atashika njia usiku, atauawa kwenye kizuizi. Maneno ya mwaka 1943, sawasawa.

Koko akaweka kopo juu ya meza yetu, akasema: “Nataka mumwambie. Baba yangu alisalimu kaburi. Huyu hatasalimu kaburi mimi nikiwa hai.”

Tulikaa naye asubuhi nzima, mimi na mwenzangu mkubwa wa redio. Mwenzangu alisema desturi ni desturi. Mimi nilisema mtu wa karibu zaidi na kijana huyu ni nani kama si koko mwenyewe, na kwamba ikiwa sauti ni ya koko, basi ni yeye anayemwambia, sisi ni waya tu. Kuhusu hatari ya njia, hapo sikuwa na jibu, na wajomba hawakuwa wajinga. Mwishowe koko mwenyewe ndiye aliyepata. Alisema hatatangaza kifo. Atamwita kijana atafute mahali pa juu penye mtandao apige simu, na atamwambia kwa nini ni lazima, kwa namna ambayo yeye ataelewa kidogo kabla, asiangukiwe na yote kwa mara moja.

Tulirekodi. Alitumia jina la utotoni la kijana, ambalo hakuna mwingine analijua. Alimwambia apande mahali pa juu, asije nyumbani, abaki anakolala. Hakusema “tuko wazima”. Alitaja watu mmoja mmoja: mimi magoti yananiuma, mjomba wako amepata kazi ya kubeba mchanga, mdogo wako ameingia darasa la nne. Mama yake hakumtaja. Tulisoma siku tatu mfululizo.

Siku ya nne kijana akapiga. Alikuwa amehesabu watu, akaona mmoja amekosekana, akapanda kilima akiwa anajua tayari. Waliongea hadi salio likaisha, mwenye simu akaongeza, likaisha tena. Aliuliza nani alimwosha, kitenge gani alizikwa nacho, na kama mama aliuliza habari zake siku ile. Koko alijibu kila swali. Aliuliza pia habari ya mbuzi, na koko akamwambia ukweli wa mbuzi.

Mpaka leo ninapoandika bado yuko kulekule. Hakushika njia.

Koko ameniomba niseme jambo moja kwa wenye barua za zamani katika mizigo yao: msizifunge kwa plastiki peke yake, zinatoa jasho na wino unakimbia. Kitambaa kwanza, halafu kopo.