CRB Haijui Chama cha Mama Yako

Wasee, hapa Makina mtu akisema "niko CRB" anaisema kama ugonjwa. Ukweli ni kwamba ukishakopa benki kwa simu, hata mara moja, uko CRB, hata kama ulilipa kabla ya siku. Tangu kanuni za 2013, benki hupeleka habari zako nzuri pamoja na mbaya. Swali ni faili yako inasema nini.

Na kwetu hiyo faili ni kitu kubwa, juu hatuna kingine cha kuweka rehani. Cheki Wanubi. Wamekaa hapa vizazi na vizazi, na hati ya ekari 288 wameipata 2017, tena ni ya jamii nzima. Huwezi kuibeba peke yako uende nayo benki utafute mkopo wa bodaboda. Sisi wengine tumekodi tu chumba cha mabati. Benki ikikuuliza una nini, una kitambulisho na namba ya simu.

Chenye kinaniudhi ni vile huu mfumo haujui watu wetu. Kuna mama huuza mandazi karibu na soko. Chama cha kila wiki hajawahi kukosa. Landilodi analipwa mkononi kabla ya tarehe tano. Mwenye duka humpa unga kwa deni na haandiki popote. Mtaa mzima unamwamini, na CRB haina habari naye. Kijana wake naye alikopa ngiri moja na mia nne kwa simu, ikaisha wikendi moja, akatupa laini. Huyo CRB inamjua vizuri sana. Laini unaweza kutupa, lakini deni limefungwa kwa kitambulisho. Hata akilipa leo, ile rekodi mbaya inaweza kukaa miaka 5 baada ya deni kuisha. Tangu 2020 deni la chini ya Sh1,000 halipelekwi huko, kwa hivyo ile ngiri moja na mia nne ilitosha kumuweka.

Wengine watakwambia: kopa ulipe, kopa ulipe, alama zipande. Mimi nakataa. M-Shwari imekuwa ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Fanya hivyo kila mwezi mwaka mzima, hiyo ni asilimia 90. Unalipa hizo zote ndio uonekane mtu mzuri? Bora uweke akiba hapo hapo M-Shwari, hata ya soo mbili kwa wiki, maana hiyo pia huangaliwa wakipanga kiwango chako cha kukopa. Ikibidi kabisa ukope, Hustler Fund ni asilimia 8 kwa mwaka. Ukichukua Sh500 kwa siku 14, riba haifiki hata bob mbili.

Halafu Fuliza. Tangu ianze 2019, watu wanasherehekea ikiongezwa ni kama wamepandishwa cheo kazini. Hiyo si pesa yako, na ukitumiwa chochote inajikata kwanza. Sheria yangu ni moja: Jumapili usiku Fuliza iko sufuri. Kama haiwezi kuwa sufuri, wiki inayofuata natembea mpaka tao.

Deni langu kubwa ni HELB. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini HELB haikuniacha. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, inavumilika. Faini ya kutolipa ndiyo Sh5,000 kwa mwezi, na wasiolipa majina huenda CRB. Kwa hivyo pesa ya kwanza ya kuhariri video za watu, kabla ya bando, inaenda huko. Mabeshte wananicheka, ati nalipia digrii sina. Sawa. Lakini siku moja nitataka mkopo wa kamera, na sitaki kumweleza mtu wa benki hadithi ya maisha yangu.

Kitu kingine wengi hawafanyi ni kuitisha ripoti yao. Ni haki yako kuipata bure mara moja kwa mwaka kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo. Metropol hupima kutoka 200 hadi 900. Angalia kama kuna deni ulishamaliza na bado linaonekana hujalipa. Ukilikuta, weka malalamiko kwa maandishi na ushikilie ile meseji ya malipo. Pia, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukupeleka huko. Kwa hivyo zile meseji usizifute bila kusoma.

Mama wa mandazi nilimshawishi achukue till, pesa zake ziache alama mahali. Alicheka, akaniuliza, "Kijana wangu, nani atalipa mandazi ya bob kumi kwa simu?" Sasa anayo, ameibandika kwa ndoo ya unga. Watoto wa shule bado wanamletea sarafu, lakini mafundi wa asubuhi wenye huchukua za mia wameanza kulipa kwa hiyo till.