Outspan, Nyeri: Hoteli ya watoto wenye maswali

Mkienda Nyeri na watoto, bebeni masweta. Baridi ya jioni kule si mchezo. Hoteli ya Outspan ilianzishwa miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana kutoka bustanini.

Humo humo kuna Paxtu, nyumba ndogo alimoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hadi alipofariki Januari 1941. Mtoto aliye skauti mpeleke pia kaburini kwake, mjini hapo. Jiwe lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Usimwambie; mwache aitambue mwenyewe.

Kama mfuko hauruhusu kulala, ulizia chakula cha mchana. Mezani ndipo swali litakapokuja: Waafrika je? Usilikwepe. Enzi hizo waliingia hoteli za walowezi kama wapishi na wahudumu, si kama wageni. Na ni katika Nyeri hii hii Dedan Kimathi alishtakiwa mwaka 1956. Mweleze yote kabla ya chai, maana garini atalala.